Migodi ya fedha ya Laurion: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mswahili akisema fedha, huenda anamaanisha pete ya bibi harusi, huenda anamaanisha mshahara wa mwezi. Mgiriki wa kale alikuwa vivyo hivyo: neno lake argyrion lilibeba maana zote mbili. Majibu haya ni ya wanaotaka kujua jinsi fedha ya kwanza ilivyogeuka kuwa fedha ya pili huko Athens, hasa katika karne ya 5 na ya 4 Kabla ya Kristo (KK), na serikali ilisimama wapi katika safari hiyo. Tumekaa zaidi na Laurion kwa sababu hakuna mgodi mwingine wa Wagiriki ulioacha mashimo, maandishi na kesi za mahakamani kwa wingi kama huo.

Laurion ni wapi?

Ni eneo la vilima vikavu kusini-mashariki mwa Attica, jirani na rasi ya Sounion, kama kilomita 50 hivi kutoka Athens. Mto hakuna. Chini ya ardhi, tabaka za marumaru na za shisti, mwamba wa matabaka membamba, zimelaliana, na pale tabaka moja linapokutana na jingine ndipo madini yalipojikusanya. Madini yenyewe ni galena, yaani risasi iliyoungana na salfa, ikiwa imebeba fedha kidogo tumboni. Kidogo kweli: tani nzima ya risasi hutoa kilo chache tu za fedha. Kwa haki tungesema Laurion ulikuwa mgodi wa risasi uliochimbwa kwa ajili ya fedha.

Waathene wa zama za Pericles ndio walioigundua?

Hapana, walirithi. Huko Thorikos, kwenye pwani ya eneo hilohilo, watu walichimba tangu Zama za Shaba, zaidi ya miaka 2000 kabla Pericles, kiongozi wa Athens wa karne ya 5 KK, hajazaliwa.

Kwa nini mwaka 483 KK unatajwa kila mara?

Ndio mwaka ambao fedha ya Laurion iligeuka kuwa mbao na makasia. Mwamba tajiri ulipatikana mahali palipoitwa Maroneia, hazina ikafurika. Maandishi yaliyotoka shule ya Aristotle yanataja talanta 100. Talanta moja ni kama kilo 26, kwa hiyo tunazungumzia tani 2.6 hivi za fedha.

Swali likaja kwenye mkutano wa raia: tuzifanyeje? Kugawana hakukuwa aibu wakati ule. Mwanahistoria Herodotus anasema mpango ulikuwa kila raia apewe drakma 10, sarafu za fedha, mkononi. Themistocles, mwanasiasa wa mji huo, akasimama kupinga. Kwa mujibu wa Herodotus, hakuwatisha kwa habari za Waajemi; aliwatajia Aegina, kisiwa cha jirani ambacho walikuwa na vita nacho, adui wanayemwona kwa macho hali ya hewa ikiwa nzuri. Tujenge manowari, akasema.

Katika simulizi ya pili, ile ya shule ya Aristotle, mbinu ni ya kijanja zaidi. Themistocles hakusema pesa ni za nini. Aliomba matajiri 100 wakopeshwe talanta moja moja: matumizi yakiwapendeza raia, gharama iwe ya mji, yasipowapendeza, wakopaji warudishe. Kila mmoja akajenga manowari moja. Herodotus anataja manowari 200, simulizi hii 100, lakini hakuna anayebisha kuhusu kilichofuata: mwaka 480 KK merikebu hizo ziliwavunja Waajemi kwenye mlangobahari wa Salamis. Kila moja ilibeba watu kama 200, wengi wao makabwela wa makasia. Zile drakma 10 walizozikosa ziliwarudia kwa mlango mwingine, kwa kuwa mji unaolindwa na wapiga makasia hauwezi kuwanyamazisha mkutanoni.

Migodi ilikuwa mali ya serikali au ya watu binafsi?

Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza, kwa sababu jibu si moja. Haki ya kuchimba ilikuwa mikononi mwa dola. Shamba lililo juu ya shimo mara nyingi lilikuwa la mtu, na mitambo ya kusaga, kuosha na kuyeyusha ilikuwa ya watu binafsi, nayo iliuzwa, ilirithiwa na kuwekwa rehani kama nyumba. Watumwa walikuwa wa bwana mwingine kabisa, pengine.

Kwa kifupi, dola ya Athens haikuchimba. Ilikodisha. Haikununua nyundo, haikulisha wachimbaji, wala haikupata hasara shimo likitoka tupu.

Kukodi mgodi kulikwendaje hasa?

Walikuwapo maofisa 10 walioitwa poletai, maana yake wauzaji, mmoja kutoka kila kabila la Athens, waliochaguliwa kwa kura ya bahati kwa mwaka mmoja. Hao ndio walioshughulikia kodi, mali zilizotaifishwa na migodi. Mauzo yalifanyika mbele ya Baraza la watu 500, na katika karne ya 4 wasimamizi wa mfuko wa jeshi na wa mfuko wa maonyesho walikaa nao. Baraza ndilo lililoamua nani apewe.

Kisha habari zikachongwa kwenye jiwe na kusimamishwa hadharani. Jiwe la zamani kuliko yote tulilonalo ni la mwaka wa 367 KK, lilipatikana Agora, sokoni mwa Athens. Kila ingizo limeandikwa kama hati ya kiwanja: jina la mgodi (mingi imepewa jina la mungu, kama Artemi au Poseidoni), mtaa wake, jirani wa kila upande, kaskazini nani, kusini nani, mashariki barabara fulani, kisha jina la mkodi, la baba yake na la mtaa wake, na mwishoni bei. Migodi ilitengwa kwa aina: unaofanya kazi, wa zamani unaofufuliwa, na mkato mpya ambao haujaguswa. Ukizoea kusoma mawe hayo unaanza kuwajua majirani. Fulani ana karakana hapa, shamba kule, na mwaka unaofuata anajitokeza tena amekodi shimo la tatu.

Kwa malipo wanayodaiwa waliochukua mikataba ya dola kulikuwa na mbao zilizopakwa chokaa, kila mbao na tarehe zake. Siku ya kulipa ikifika, ubao unaletwa barazani, wapokeaji wanahesabu pesa na kulifuta jina mbele ya macho ya watu. Aliyeshindwa jina lake linabaki, deni linakuwa maradufu, na jela inamngoja. Sijaona mfumo wa kudai deni ulio mwepisi kuuelewa kama huo: ukilipa unafutwa, usipolipa kila apitaye anakusoma.

Bei ya kukodi ilikuwa kiasi gani?

Bei mbili hujirudia kwenye mawe: drakma 20 na drakma 150. Kwa fundi stadi, drakma moja ilikuwa mshahara wa siku moja mwishoni mwa karne ya 5. Drakma 20 kwa mgodi wa fedha ni kama bure, na ndiyo maana wanahistoria bado wanabishana kama ililipwa mara moja tu au kwa kila kipindi cha mwaka, na kama juu yake kulikuwa na mrabaha.

Mimi naona bei ndogo ina akili yake. Kupasua mwamba mgumu kwa nyundo na patasi ili ujue kama chini kuna kitu ni kazi ya miezi na miaka, na mwenye kulisha watu muda wote huo ni mkodi. Dola ilitaka mashimo yachimbwe. Ingedai pesa nyingi mlangoni, asingeingia mtu. Ilikuwa na njia nyingine za kuipata fedha hiyo ikishatoka ardhini, tutazifikia.

Kulikuwa na kivutio kingine pia. Matajiri wa Athens walibebeshwa gharama za umma, kama kuhudumia manowari au kugharimia kwaya ya sikukuu. Mtu aliweza kumwambia mwenzake: wewe una mali kuliko mimi, ichukue kazi hii au tubadilishane mali. Katika hesabu hiyo ya kubadilishana, mali iliyokuwa migodini haikuhesabiwa.

Kulikuwa na sheria za migodi?

Zilikuwapo, na mahakama yenye utaratibu wake kwa kesi za migodi. Makosa yanayotajwa yanatupa picha ya maisha ya huko: kumfukuza mtu kwenye shimo lake, kumjazia jirani moshi, kuingia na silaha, kupenya chini ya ardhi hadi ndani ya mipaka ya mwenzako. Kosa hilo la mwisho ni rahisi kutenda na gumu kuthibitisha. Mtu anaitwa Epicrates alishtakiwa kwamba amechimba ndani ya mipaka isiyo yake kwa miaka mitatu. Mshtaki aliuahidi mji talanta 300 endapo angeshinda. Hebu fikiria majaji wa kawaida, wanaolipwa posho na mji, wanaambiwa hivyo. Walimwachia huru. Wakili Hyperides aliitumia hukumu hiyo baadaye kuonyesha kwamba Waathene hawapori mali ya mtu kwa kisingizio cha sheria.

Diphilus hakupata bahati hiyo. Alikata nguzo za mwamba zilizoachwa kushikilia dari ya mgodi. Nguzo hizo mara nyingi zilikuwa na madini mazuri, na mwenye tamaa aliziona kama pesa iliyosimama bure. Lycurgus, aliyesimamia mapato ya Athens katika robo ya tatu ya karne ya 4, alimshtaki. Diphilus akauawa, na mali yake ya talanta 160 ikagawanywa kwa raia.

Biashara ya mgodi ilikuwaje kwa mkodi wa kawaida?

Bora tumtazame mmoja kwa karibu. Pantaenetus alikuwa na karakana ya kuchenjulia madini Maroneia, pamoja na watumwa 30, na alikuwa amezama kwenye madeni. Watu wawili, Nicobulus na Euergus, wakampa mina 105. Kwenye maandishi hawakumkopesha. Waliinunua karakana na watumwa wake, kisha wakampangisha yeye mwenyewe kwa drakma 105 kwa mwezi. Mina moja ni drakma 100, kwa hiyo piga hesabu: ni riba ya asilimia 1 kwa mwezi iliyovaa kanzu ya pango. Yeyote aliyewahi kuona nyumba ikiuzwa kwenye karatasi huku mwenyewe akiendelea kulala humohumo ataielewa bila kufafanuliwa.

Nicobulus akasafiri kwenda Bahari Nyeusi. Aliporudi alikuta mambo yameharibika. Pantaenetus anadai kwamba mtumwa wake alikuwa akipeleka fedha ya kulipia awamu ya mgodi, akaporwa njiani na mtumwa wa Nicobulus, na kwa kuwa hakulipa kwa wakati, dola ikamwandika mdaiwa wa mara mbili. Utetezi wa Nicobulus ulioandikwa na Demosthenes, msemaji maarufu wa Athens, tunao mpaka leo. Sisi si majaji, lakini angalia minyororo yake: mkopo juu ya mkopo, mtumwa amebeba fedha barabarani, na awamu moja iliyochelewa inaangusha kila kitu.

Nani walichimba?

Watumwa. Wachache walikuwa watu huru waliojichimbia wenyewe. Walio wengi walinunuliwa, wengi kutoka Thrace, Paphlagonia na nchi nyingine za Asia Ndogo.

Na watumwa nao walikodishwa, kama mashimo. Mfano maarufu ni wa Nicias, jemadari tajiri aliyekufa Sicily mwaka 413 KK. Alikuwa na watu 1000 migodini. Aliwakodisha kwa Mthrace mmoja aitwaye Sosias kwa oboli moja kwa kichwa kila siku, na sharti moja lenye baridi ya kutisha: idadi isipungue. Akifa mmoja, Sosias amtie mwingine. Oboli 6 ni drakma moja. Oboli 1000 kwa siku, kwa siku 360, ni drakma 60,000, sawa na talanta 10 kwa mwaka. Nicias hakuhitaji hata kujua wamelala wapi. Hipponicus alikuwa na 600 kwa masharti hayohayo, Philemonides 300.

Sosias mwenyewe? Inasemekana Nicias aliwahi kumnunua msimamizi wa migodi yake kwa talanta nzima, wakati mtumwa wa kawaida aliuzwa kwa drakma mia na ushee. Huenda ndiye huyo. Basi katika Athens mtu aliweza kuwa bidhaa ghali kuliko zote sokoni na wakati huohuo mkodi wa watu 1000.

Hali ilikuwaje chini ya ardhi?

Njia nyingi zilikuwa na kimo cha chini ya mita moja. Mtu hakusimama, alilala ubavu au alitambaa, nyundo mkono huu, patasi mkono huu, na alama za patasi bado zinaonekana ukutani kama mistari ya kucha. Vishubaka vidogo vilichongwa kwa ajili ya taa ya udongo ya mafuta. Mashimo ya kushukia yalichongwa wima, ya mraba, kuta zimenyooka kuliko nyumba nyingi za juu. Baadhi yalivuka kina cha mita 100. Yamehesabiwa kama 2000 eneo lote. Mwamba ulibebwa kwa vikapu.

Xenophon, mwandishi wa Athens, anamsimulia Socrates akimhoji Glaucon, ndugu yake Plato, kijana aliyetaka kuuongoza mji. Mapato ya migodi yamepungua, kwa nini? Glaucon hajui, hajawahi kufika. Ah, anasema Socrates, inasemekana huko ni mahali pabaya kwa afya. Ukiulizwa, hicho kitakuwa kisingizio chako. Ni mzaha, lakini unaonyesha sifa ya Laurion mjini: kila mtu alikula matunda yake, na hakuna aliyetaka kwenda.

Jiwe liligeukaje kuwa sarafu?

Kwanza walichagua kwa mkono, wakatwanga, wakasaga hadi kuwa kama mtama uliopondwa. Kisha wakaosha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania wakiletwa kwenye karakana ya Agrileza, huko Laurion, hawatahitaji mkalimani: ni mwalo. Maji yalitoka kwenye tangi kupitia matundu, yakapita juu ya sakafu ya mteremko, yakaondoka na mchanga mwepesi, yakaacha madini mazito. Tofauti ni kwamba hapa maji hayakumwagwa. Yalizungushwa kwenye mifereji na visima vya kutulizia uchafu, kisha yakarudishwa tangini kwa mkono, kwa sababu yalikuwa ya mvua, yamekingwa kwenye mabirika makubwa yaliyosakafiwa kwa lipu ngumu isiyopitisha tone. Lipu hiyo ingali imara leo baada ya miaka 2300.

Makinikia yakaingia tanuruni, ikatoka risasi yenye fedha ndani. Hatua ya mwisho ndiyo yenye ufundi. Risasi hiyo iliyeyushwa upya kwenye bakuli la udongo huku ikipulizwa hewa, kwenye joto la nyuzi 900 hadi 1000 hivi. Risasi hushikana na hewa, ikawa oksidi, ikaondolewa. Fedha haishikani na hewa. Inabaki peke yake katikati, tone linalong'aa.

Kwa nini sarafu ya Athens ilikubalika kila mahali?

Kwa sababu ilikuwa fedha karibu tupu, na uzito wake haukuchezewa. Sarafu kubwa, ya drakma 4, ilikuwa na gramu 17.2 hivi: upande mmoja kichwa cha Athena, upande mwingine bundi, tawi la mzeituni na herufi tatu za jina la mji. Watu waliita sarafu hizo bundi. Zimefukuliwa Misri, Shamu na mbali zaidi, na huko zilipigwa hata nakala zake.

Uaminifu huo ulisimamiwa. Jiwe moja lililofukuliwa Agora lina sheria ya mwaka 375 KK, ya mtu aitwaye Nicophon. Inamtaja mpimaji wa sarafu, mtumwa wa umma, akae sokoni kati ya meza za wabadilisha fedha kila siku. Mwingine awe Piraeus, bandarini. Mnunuzi na muuzaji wakibishana, sarafu inaletwa kwake. Ikiwa ndani ni shaba au risasi, aikate papo hapo, na vipande viwe vya mungu wa kike aliyeitwa Mama wa Miungu. Ikiwa halali, muuzaji aipokee. Akikataa, bidhaa zake zote za siku hiyo zinachukuliwa. Mpimaji asipokaa kazini, viboko 50. Kwa hiyo thamani ya pesa ya dola iliyotawala bahari ilikuwa mikononi mwa mtumwa mmoja aliyeketi sokoni na patasi yake, kama vile mwanzo wake ulivyokuwa mikononi mwa mtumwa mwingine shimoni na patasi yake.

Fedha ilikuwa na uzito gani kwenye uchumi wa Athens?

Mkubwa, lakini usiupitishe kiasi. Wakati wa Pericles, ushuru wa miji washirika ulifika talanta 600 kwa mwaka, kwa hiyo migodi haikuwa chanzo pekee wala haikuwa cha kwanza kila mara.

Faida yake kubwa ilikuwa biashara ya chakula. Attica haikujilisha; ngano ililetwa kwa merikebu, nyingi kutoka Bahari Nyeusi. Xenophon anaeleza vizuri: katika miji mingine mfanyabiashara hulazimika kupakia bidhaa za kurudi nazo, kwa kuwa pesa ya mji ule haifai nje; lakini Athens, asipopenda bidhaa, anaondoka na fedha, na kokote atakapokwenda ataiuza kwa faida. Kwa Athens, sarafu ilikuwa zao la kusafirisha nje, kama karafuu kwa Zanzibar ya zamani. Na merikebu ilipotia nanga Piraeus ililipa ushuru wa bandari, kwa hiyo dola ilikusanya pale ilichokisamehe kwenye mnada wa mashimo.

Risasi ilitupwa?

La. Ilitengenezea mabomba, vibano vya mawe ya majengo na risasi za kombeo. Pythocles fulani aliwahi kuwashauri Waathene dola inunue risasi yote ya Laurion kwa drakma 2 na kuiuza kwa 6.

Je, kuna aliyependekeza serikali iingie yenyewe kwenye kazi?

Xenophon, mnamo 355 KK, Athens ikiwa imefilisika kwa vita. Aliona Nicias na wenzake walivyotajirika kwa kukodisha watu, akauliza: kwa nini mji usifanye hivyo? Dola inunue watumwa, ianze na 1200, ifike 6000 baada ya miaka kadhaa. Kwa oboli moja kila mmoja kwa siku zitapatikana talanta 60 kwa mwaka, na mwishowe kila raia awe na watumwa watatu nyuma yake. Wapigwe chapa ya mji ili wasiibwe. Hata katika ndoto yake, ona, dola bado haichimbi. Inakodisha. Mpango huo haukutekelezwa.

Vita viliathiri vipi migodi?

Mwaka 413 KK Wasparta walijenga ngome Decelea, kaskazini mwa Athens. Alcibiades, Mwathene aliyekimbilia kwao, ndiye aliyewashauri, na miongoni mwa faida alizowatajia ni kwamba adui atakosa mapato ya Laurion. Mwanahistoria Thucydides anaandika kwamba watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka, sehemu kubwa mafundi. Kabla vita havijaisha mji uliyeyusha sanamu za dhahabu za Nike, mungu wa ushindi, kupata sarafu, ukatoa na za shaba zilizopakwa fedha. Uzalishaji ulikaa miongo kadhaa kabla ya kuinuka tena katikati ya karne ya 4.

Miji mingine ya Kigiriki ilisimamiaje migodi yake?

Siphnos, kisiwa kidogo, ilitoa sehemu ya kumi kwa Apollo huko Delphi, ikajenga hazina ya marumaru ya kupigiwa mfano, na kilichobaki raia waligawana kila mwaka. Baadaye, kwa mujibu wa Pausanias, msafiri aliyeandika habari za Ugiriki, bahari iliingia migodini. Thasos ilipata talanta 80 kwa mwaka kutoka migodi ya dhahabu ya Skapte Hyle, ng'ambo ya bara. Wafalme wa Makedonia hawakuhangaika na minada: Philip wa Pili aliichukua migodi ya mlima Pangaion akajipatia, inasemekana, talanta 1000 kwa mwaka, na kwa pesa hiyo akalipa askari waliowamaliza Waathene.

Laurion iliishaje?

Pole pole. Mwishoni mwa karne ya 2 KK watumwa wa migodini waliasi mara mbili; mara ya pili waliwaua walinzi wao, wakaishika ngome ya Sounion na kuipora Attica kwa muda mrefu. Wakati wa mwanajiografia Strabo, karibu na kuzaliwa kwa Kristo, watu walikuwa wakiyeyusha upya mabaki ya zamani, marudio kama wanavyosema wachimbaji wetu, na bado walipata fedha. Pausanias, karne ya 2 Baada ya Kristo, anapita hapo akisema tu kwamba zamani Waathene walikuwa na migodi.

Miaka ya 1860 Mwitalia aitwaye Serpieri alikuja na kampuni kuyeyusha mabaki hayo kwa mara nyingine. Serikali ya Ugiriki ikadai: leseni yako ni ya mgodi, mabaki yaliyo juu ya ardhi ni yetu. Ugomvi huo ulizivuta Ufaransa na Italia ndani, ukamalizika 1873 kampuni iliponunuliwa na benki ya Andreas Syngros. Poletai wangefahamu kila neno la ugomvi ule.

Mawe yanataja wakodi wengi. Tunamjua mchimbaji hata mmoja kwa jina?

Yupo. Jiwe la kaburi la karne ya 4 KK, lililopatikana Laurion, limeandikwa juu: Atotas, mchimbaji. Wataalamu wanabishana kama alikuwa mtumwa au huru. Chini yake kuna beti zinazosema ni Mpaphlagonia mwenye moyo mkuu, kutoka Bahari Nyeusi, aliyeupumzisha mwili wake na kazi mbali na nchi yake, na kwamba kwa ufundi hakuna aliyeshindana naye. Kisha anataja ukoo: yeye ni wa mzizi wa mfalme Pylaemenes, aliyeuawa kwa mkono wa Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki katika vita vya Troia. Katika simulizi ya mshairi Homer aliyemuua Pylaemenes ni Menelaus. Atotas, au aliyemwandikia, alimchagulia babu yake muuaji mkubwa zaidi.